Siasa Inapoketi Mezani



Kila Alhamisi ya nne ya mwezi wa Novemba, akina mama wa Marekani huamka mapema kuliko siku nyingine. Ni sikukuu yao ya shukrani, ile waiitayo Thanksgiving. Bata mzinga huingia jikoni tangu asubuhi, viazi hupondwa, pai za maboga huwekwa kando zipoe. Watoto waliohamia miji ya mbali hurudi kwa ndege na kwa magari, na barabara hujaa kama zijaavyo kwetu siku mbili kabla ya Krismasi. Wako wasomaji wenzetu wenye watoto na ndugu waliohamia kule, ambao sasa hula sikukuu hiyo kama wenyeji.

Kwa muda mrefu hofu ya mama siku hiyo ilikuwa nyama isikauke na viti vitoshe. Siku hizi iko hofu nyingine. Baba mkwe akalishwe wapi, naye ameweka bango la mgombea wake mbele ya nyumba? Binti aliyetoka chuo kikuu atanyamaza, au ataanza tena yale ya mwaka jana? Ni nani atakayelitaja jina la rais kwanza, na akilitaja, ni nani atakayesukuma kiti nyuma na kuondoka?

Tumeona vema tuzungumze juu ya jambo hili, la siasa kuingia nyumbani na kuwatenga watu waliozaliwa tumbo moja. Mifano yetu ni ya Marekani, maana kule jambo hili limechunguzwa na kupimwa sana. Msomaji atajua mwenyewe ni wapi linapomgusa.

Karamu iliyofupishwa

Mwaka 2016 Wamarekani walichagua rais kati ya Donald Trump na Hillary Clinton. Kura zilipigwa tarehe 8 Novemba, na Siku ya Shukrani ikafuata tarehe 24, majeraha yakiwa bado mabichi. Wachunguzi wawili, M. Keith Chen na Ryne Rohla, walitazama nyendo za simu za mkononi za watu zaidi ya milioni 10, bila majina yao, wakazilinganisha na hesabu za kura za mitaa walikotoka na mitaa walikokwenda kula. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018 katika jarida la Science. Ilionekana kwamba wageni waliotoka mtaa wa chama kimoja na kula katika mtaa wa chama kingine waliondoka mapema kuliko wageni wengine, kwa dakika 30 hadi 50. Mahali palipokuwa na matangazo mengi zaidi ya kampeni, karamu ilifupika zaidi.

Dakika 30 ni kitu gani? Mama ajuaye mambo ya nyumba atajibu upesi. Ndizo zile dakika za baada ya chakula, dada wawili wamesimama kwenye karo, mmoja anaosha vyombo na mwingine anafuta. Hapo ndipo hutoka neno lililoshindwa kutoka mezani: kwamba mume amepoteza kazi, kwamba mtoto ameanza ulevi, kwamba daktari ameona uvimbe. Mgeni anayeaga mara baada ya kula hayasikii hayo, na mwenyeji hubaki nayo kifuani.

Iko hesabu nyingine ya kutuhuzunisha. Mwaka 1960 Wamarekani waliulizwa kama wangechukizwa mtoto wao akioa au kuolewa na mtu wa chama kingine. Waliosema wangechukizwa walikuwa kama watu 5 katika 100. Walipoulizwa swali la namna hiyo mwaka 2010, karibu nusu ya watu wa chama cha Republican na theluthi ya watu wa Democrat walisema wasingefurahi.

Liweke hilo kando ya jambo lingine. Mwaka 1958 ni Wamarekani 4 tu katika 100 walioridhia ndoa kati ya weusi na weupe, na katika majimbo 16 ndoa hiyo ilihesabiwa kuwa kosa mpaka Mahakama Kuu ya nchi ilipozifuta sheria hizo mwaka 1967. Kufika mwaka 2021 walioridhia walikuwa 94 katika 100. Ukuta mmoja ulibomolewa kwa jasho na machozi ya watu wengi, nasi twashukuru. Lakini huku watu wakishangilia, nyuma yao ukuta mwingine ulikuwa ukijengwa.

Chama kilipogeuka kabila

Ukuta huo haukujengwa kwa siku moja, wala hakuna fundi mmoja wa kulaumiwa. Zamani kila chama kilikuwa na watu wa kila namna. Ndani ya Democrat walikuwemo wafanyakazi wa viwanda vya Kaskazini, Wakatoliki wa mijini, na pia weupe wa Kusini waliopinga usawa wa weusi. Ndani ya Republican walikuwemo walioshika sana mambo ya zamani na walioyataka mabadiliko. Mtu aliyekutana na mpinzani wa chama chake huenda alikuwa amekwisha kumwona kanisani, au kazini, au kwenye mkutano wa wazazi shuleni.

Mwaka 1964 ikapitishwa Sheria ya Haki za Raia, na mwaka 1965 Sheria ya Haki ya Kupiga Kura. Weupe wengi wa Kusini wakaanza kuhama pole pole kutoka Democrat kwenda Republican. Mabishano juu ya utoaji mimba, yaliyozidi baada ya hukumu ya Mahakama Kuu ya mwaka 1973 ambayo mahakama hiyo hiyo iliitangua mwaka 2022, yakawavuta weupe wengi waendao kanisani upande mmoja, na wengi wasiokwenda upande wa pili. Weusi, ambao ni waenda kanisani hodari, kwa wingi wao walibaki na Democrat. Ikawa watu waimbao nyimbo zile zile Jumapili hupishana Jumanne ya kupiga kura, na hawakutani katikati kuulizana kwa nini.

Tena watu walihama makazi. Mwaka 1976, Mmarekani mmoja kati ya wanne aliishi katika wilaya ambayo mgombea mmoja wa urais alimshinda mwenzake kwa mbali sana. Mwaka 2004 walikuwa karibu nusu. Wengi walifuata kazi, shule au nyumba ya bei nafuu, lakini waliposhusha mizigo wakajikuta wamezungukwa na watu wafananao nao.

Habari nazo zikagawanyika. Iko kanuni ya serikali iliyovitaka vituo vya redio na televisheni vitoe nafasi kwa pande zote mbili za jambo lenye ubishi. Ilifutwa mwaka 1987. Mwaka 1996 zilianzishwa stesheni mbili za habari, MSNBC na Fox News, ambazo baadaye zilijulikana kwa kuegemea kila moja upande wake. Facebook ikafuata mwaka 2004. Mume na mke waliokuwa wakisikiliza taarifa moja ya jioni sasa waweza kuketi kochi moja, kila mmoja na simu yake, wakasikia habari za nchi mbili zisizofanana.

Mwisho wake ni huu: ukijua chama cha mtu, wadhani umejua kanisa lake, mtaa wake, hata gari analoendesha. Chama kikaacha kuwa shauri la mtu, kikawa ndiyo nafsi yake. Sisi twaweza kulielewa jambo hili kwa neno moja, kwamba limekuwa kama kabila. Shauri la mtu ukilipinga atakujibu kwa hoja. Kabila lake ukilidharau umemdharau yeye, na mama yake, na babu zake makaburini. Ndiyo sababu mazungumzo yaliyoanza juu ya kodi au bima ya matibabu huweza kumalizika kwa mlango kubamizwa.

Tarehe 6 Januari 2021, umati uliokataa matokeo ya uchaguzi wa mwaka 2020 ulivamia jengo la Bunge mjini Washington. Mtu wa kwanza kufikishwa mbele ya jopo la raia kwa mambo ya siku ile alikuwa baba mmoja wa Texas. Miongoni mwa mashahidi waliosimama dhidi yake alikuwa mwanawe wa kumzaa, aliyekuwa na miaka 18 alipowapasha habari wapelelezi wa serikali. Baba alihukumiwa mwaka 2022 kifungo cha zaidi ya miaka 7, na Januari 2025 akasamehewa pamoja na wengine. Sheria ilikuwa na kazi yake, nasi hatuingii humo. Twamfikiria mama wa nyumba ile. Mume yuko upande huu, mwana upande ule, naye ndiye aliyewapikia wote wawili kwa sufuria moja.

Nyumba ya Rais Lincoln

Wamarekani wamewahi kupita katika bonde lenye giza zaidi ya hili. Katika karne ya 19 waligombana juu ya utumwa, na makanisa ndiyo yaliyotangulia kupasuka: Wamethodisti mwaka 1844 na Wabaptisti mwaka 1845. Nchi ikafuata. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya mwaka 1861 hadi 1865 viliwaua watu zaidi ya laki 6.

Kwa miaka mingi alikuwepo mama mjane, Sarah Josepha Hale, aliyebaki na watoto watano mumewe alipofariki mwaka 1822. Alikuwa mhariri wa gazeti la wanawake, Godey's Lady's Book, nasi twaona fahari kumtaja kwa kuwa ni mwenzetu wa kazi. Tangu mwaka 1846 aliandika kuomba nchi nzima iwe na siku moja ya shukrani, akiamini kwamba watu waketio mezani siku moja watakumbuka kuwa ni wa nyumba moja. Mwezi Septemba 1863, akiwa na miaka 74, alimwandikia Rais Abraham Lincoln. Tarehe 3 Oktoba rais akaitangaza siku hiyo. Basi sikukuu ambayo leo yatiwa hofu na siasa ilitangazwa katikati ya vita, na mama mmoja aliiombea kwa ajili ya umoja.

Mwezi huo huo wa Septemba, katika mapigano ya Chickamauga, aliuawa jenerali mmoja wa Kusini aitwaye Benjamin Hardin Helm. Huyo alikuwa shemeji wa Lincoln. Mkewe Emilie na mke wa rais, Mary Todd Lincoln, walikuwa dada wa baba mmoja, waliozaliwa Kentucky katika nyumba iliyomiliki watumwa. Ndugu zao wa kiume kadhaa walipigania Kusini, na mmoja wao, Alexander, alikuwa ameuawa mwaka 1862. Mary hakuweza hata kuwalilia wazi, maana Kaskazini walimshuku, na Kusini walimwita msaliti.

Emilie, mjane wa miaka 27, alitaka kurudi kwa mama yake Kentucky. Katika ngome ya jeshi la Kaskazini aliambiwa ale kiapo cha utii. Akakataa, kwa kuona kwamba ni kumsaliti mumewe aliye kaburini. Maofisa wakamwuliza rais la kufanya, naye akaagiza aletwe kwake. Hivyo mwezi Desemba 1863 mjane wa jenerali wa adui akaingia Ikulu ya Marekani akiwa amevaa nguo za msiba. Dada wale wawili walikumbatiana wakalia, mmoja akiwa amefiwa na mume, na mwingine akiwa bado na jeraha la mwanawe Willie aliyefariki mwaka 1862.

Emilie aliacha kumbukumbu za siku zile. Anasimulia kwamba walizungumza zaidi juu ya jamaa na mambo ya zamani, kwa kuwa vita vilikuwa kidonda ambacho kila mmoja aliogopa kukigusa. Anasimulia pia ugomvi wa watoto. Tad, mwana wa Lincoln, alimwambia binti wa Emilie kwamba rais ni baba yake. Mtoto akabisha kwamba rais ni Jefferson Davis, kiongozi wa Kusini. Lincoln aliwapakata wote wawili, akamwambia mwanawe kwamba yeye amjua rais wake, na huyu binti mdogo na amjue Lincoln kuwa ni mjomba wake.

Wakubwa wa Kaskazini walinung'unika kwamba rais amemweka mwasi nyumbani mwake. Jibu lake lilikuwa kwamba yeye na mkewe huchagua wenyewe wageni wao.

Tafadhali, msomaji, tuliangalie jambo hili vizuri. Lincoln hakulegeza vita hata kidogo. Mwanzo wa mwaka ule ule alikuwa ametangaza uhuru wa watumwa katika majimbo yaliyoasi, na katika hilo hakurudi nyuma. Hakujifanya kwamba utumwa ni jambo dogo ili karamu isiharibike. Lakini alijua kumtofautisha mtu na upande wake, na mlango wa nyumba hakuukabidhi kwa wanasiasa.

Tungependa kukuambia kwamba mambo yaliishia vizuri. Sivyo. Mwaka 1864 Emilie aliomba ruhusa ya kuuza pamba yake akanyimwa, kwa sababu bado alikikataa kiapo. Alimwandikia shemeji yake barua kali, akimlaumu kwamba risasi zake ndizo zilizowafikisha katika taabu ile. Dada wale hawakupatana tena. Lincoln alipigwa risasi mwezi Aprili 1865, na Mary akafa mwaka 1882. Lakini tarehe 31 Mei 1909, ilipozinduliwa sanamu ya Lincoln huko Hodgenville, Kentucky, aliyeifunua mbele ya watu alikuwa mama mzee wa miaka 72, Emilie Todd Helm. Mbegu nyingine huota baada ya aliyeipanda kuondoka.

Tufanye nini sisi?

Baada ya uchaguzi wa mwaka 2016, watu 21 wa South Lebanon, Ohio, walikutana mwezi Desemba, 10 waliompigia kura Trump na 11 waliompigia Clinton. Huo ukawa mwanzo wa chama kiitwacho sasa Braver Angels. Aliyetengeneza utaratibu wa mikutano yao, Bill Doherty, kazi yake ni kuwashauri watu wa ndoa na jamaa zenye matatizo, na utaratibu wenyewe wafanana na ule wa kusuluhisha mume na mke. Kila upande huambiwa utaje mambo mabaya ambayo upande mwingine huwadhania. Kisha ueleze kwa nini si kweli. Halafu, na hapa ndipo pagumu, ukiri ni chembe gani ya ukweli iliyomo. Hakuna anayeombwa abadili kura yake.

Twaona mama yeyote aweza kuanza hivyo kwake. Mwanao akileta maneno ya siasa yasiyokupendeza, kabla ya kumjibu mwulize ni jambo gani lililomtokea hata akaona hivyo. Mara nyingi nyuma ya chama iko hofu yenye jina: kiwanda kilichofungwa, mtoto aliyekufa kwa madawa ya kulevya, bili ya hospitali, au polisi aliyemsimamisha usiku. Hofu hiyo waweza kuihurumia hata kama dawa aliyoichagua hukubaliani nayo.

Pili, tusikubali watoto wetu watusikie tukimwita shangazi yao au baba yao mkubwa kwa jina la chama. Wanajifunza upesi. Mtoto anayesikia kwamba shangazi ni "wale" hatamkimbilia shangazi siku ya shida.

Tatu, tusidanganyane kwamba kunyamaza ni amani. Yako mambo ambayo lazima tuyasimamie. Akitukanwa mtu mezani petu kwa rangi yake au kwa asili yake, mwenye nyumba na aseme wazi kwamba hapa hapana. Wala hatumwambii mama anayepigwa au kutishwa avumilie kwa jina la umoja. Huyo na atafute usalama kwanza. Lakini tofauti ya kura peke yake, jamani, haitoshi kumfungia ndugu mlango.

Nne, tulinde zile dakika 30. Mgeni akitaka kuondoka mapema, mpe kitambaa afute vyombo pamoja nawe. Mikono ikiwa na kazi, ulimi hupungua ukali.

Huenda wewe unayesoma una ndugu ambaye hamjasemezana tangu uchaguzi fulani, ule wa kule au ule wa hapa kwetu. Hatukuahidi kwamba ukimpigia simu leo atapokea. Emilie alipokelewa kwa upendo, na bado baadaye aliandika barua ya uchungu. Lakini kumbukumbu ya kupakatwa kwa binti yake aliihifadhi mpaka uzeeni, akaisimulia.

Weka kiti chake mezani, mwenzetu. Akija, mpakulie kabla hamjaanza kuzungumza.

Tuonane mwezi ujao, Mungu akipenda.